Sauti ya Umio: Miaka Yangu na Watu Waliotolewa Zoloto

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya ORL, yaani ya masikio, pua na koo, nilimgombeza mgonjwa ambaye hangeweza kunijibu hata kama angetaka. Naanza na hilo makusudi. Ninyi vijana wauguzi mkija kunitembelea mnapenda kunisifu, na mimi sifa zikizidi zinaniwasha mwili.

Alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, mtu mzima mwenye mabega mapana, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni. Nikamwambia, "Yambo, Papa." Kimya. Nikarudia. Akaniangalia, akainua mkono, akaushusha. Basi nikachemka. "Papa, ninakuamkia mara mbili, weye unaniangalia tu! Kwenu bantu banaitikaka na macho?"

Nilisema hivyo kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipoongeza kosa juu ya kosa. Mimi nilizaliwa Bukavu, nikasomea uuguzi huko huko, nikavuka daraja kuja Cyangugu baada ya vita nikiwa na sanduku moja na Kinyarwanda kinachochechemea. Nikikasirika, Kiswahili ndicho kilichotoka. Lakini watu wa milimani miaka ile Kiswahili walikuwa wamekisikia zaidi kwa wanajeshi. Yule baba alirudi nyuma mpaka ukutani, macho yamemtoka.

Masera Titulaire, mtawa aliyekuwa mkuu wa wauguzi wetu, alisimama mlangoni na sinia la dawa. Hakupandisha sauti, hakuwa na tabia hiyo. "Sesiliya," alisema, "huyu hana zoloto. Balimutoa yote, kule Kigali. Unagombeza muntu asiye na kisanduku cha sauti."

Ardhi ingepasuka ningeingia. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kwa Kinyarwanda maneno hayakunijia, na yeye alikuwa amekwisha kugeukia dirishani. Jina lake lilikuwa Karoli, mkulima wa Bweyeye, kule kwenye msitu wa Nyungwe ambako gari likifika watu hutoka kulitazama. Radhi ile nilikaa nayo miaka mingi, na mtaona iliishia wapi.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengine wenu hamjawahi kuiona. Zoloto ndilo lile fundo linalopanda na kushuka mtu akimeza. Ndani yake kuna nyuzi mbili za nyama, hewa ya mapafu ikipita zinatetema, na huo ndio mwanzo wa sauti. Uvimbe mbaya ukiota pale, mara nyingine daktari hana njia ila kuiondoa yote. Bomba la pumzi linashonwa kwenye tundu chini ya shingo, na mtu anapumua hapo maisha yake yote. Kinywa na mapafu havijuani tena. Hawezi kupuliza moto jikoni, hawezi kupiga mluzi, hawezi kunusa kama maharage yameungua. Akilia, machozi yanatoka bila mlio wowote. Mlio ule usiokuwepo ndio uliokuwa mgumu kwangu kuuzoea.

Tundu lilihitaji usafi wa kila siku. Tulikuwa na kanule, mrija mfupi wa chuma unaokaa ndani lisizibe, tukiuchemsha na kuusugua kwa brashi ndogo. Tulifundisha familia kufunika tundu kwa kitambaa chepesi wakati wa vumbi, na kutomwacha mgonjwa aingie ziwani, kwa maana maji yakifika pale yanakwenda mapafuni moja kwa moja. Hayo yote tuliyaweza. Sauti ndiyo hatukujua tuifanye nini.

Wanaojua kusoma tuliwapa kibao na chaki. Karoli hakwenda shule. Dada yake, Verediyana, aliyeuza unga wa muhogo sokoni Kamembe na kukijua Kiswahili kuliko mimi, alikuwa akikisia tu: anataka maji? Anataka nje? Karoli alikuwa akitikisa kichwa mpaka anachoka, kisha anafumba macho. Siku moja alikitupa kibao chini kikavunjika. Masera alikiokota vipande vipande, kisha akaenda ofisini kwa Daktari Mkurugenzi.

Daktari Mkurugenzi aliniita kesho yake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, aliyekula embe akisoma barua. "Wewe ndiye unayegombeza mabubu?"

"Ndiyo, Dokteri," nikajibu. Ningekana vipi?

"Basi utakwenda kujifunza kuwafanya wakujibu. Wiki sita. Gari linaondoka Jumatatu."

Huko Kigali nilifundishwa na bibi mmoja mgeni tuliyemwita Bi Mtaalamu, mrefu, mkali kama pilipili. Alinionyesha njia tatu. Ya kwanza ni mashine ya kubandika shingoni, inavuma na mdomo unayaumba maneno. Ya pili ni kijiti cha plastiki kinachopandikizwa kati ya bomba la pumzi na umio, nacho hubadilishwa kila baada ya muda. "Na kwenu mtabadilishia wapi?" aliniuliza. Ya tatu haikuhitaji betri wala plastiki. Ilikuwa sauti ya umio: mgonjwa anasukuma hewa kwa ulimi iingie juu ya umio, ile njia ya chakula, halafu anairudisha. Ikirudi, kuta za koo zinatetema, na mlio huo anaugeuza neno.

Kwa maneno mepesi, ni mbweu. Mtu anajifunza kupiga mbweu na kusema juu yake kabla haijaisha.

Tulianza na silabi zinazosukuma hewa zenyewe: pa, ta, ka. Herufi kama m na n ni ngumu, zinapotelea puani. Pumzi moja ya umio inabeba silabi tatu, nne, si zaidi. Na Bi Mtaalamu alinikataza jambo moja kwa kidole: soda. Gesi yake inaleta mbweu haraka, lakini mgonjwa akiizoea hatajifunza kuivuta hewa mwenyewe. "Ukimpa soda umemdanganya," alisema. Niliandika hivyo daftarini, nikapigia mstari.

Nilirudi Cyangugu kichwa kimenijaa. Nilimweka Karoli kwenye baraza la nyuma, mbali na wagonjwa wengine, dada yake pembeni akitafsiri. Nikaonyesha mimi mwenyewe: nikameza hewa, nikapiga mbweu, nikasema "pa". Karoli aliniangalia kama mtu anayemwona mke wa mchungaji akicheza ngoma. Akakunja mikono, akageuza uso. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alisimama akaenda zake Bweyeye.

"Maman Sesiliya, umusamehe," Verediyana aliniambia. "Kaka yangu juu ya mambo ya mbweu alikuaka mukali sana. Kwake nyumbani muntu akipiga mbweu kwenye chakula, anamufukuza inje. Anamuambia: *Genda usabe ihene imbabazi.*" Maana yake, nenda ukaombe mbuzi samahani. Na mtu alikwenda kweli! Mkewe, wageni, hata yeye Verediyana alishasimama zizini akiwaomba mbuzi radhi, watu wakimchungulia na kucheka. "Katoto kake ndiko kalikuaka kanaenda kila siku. Deta. Alikuwa anapiga mbweu makusudi juu atumwe kwa mbuzi."

Nikacheka. Nikauliza, huyo Deta yuko wapi? Verediyana akaacha kucheka, akaanza kukunja kitenge chake magotini.

Walikuwa wamekimbilia Kongo wote watatu wakati wa vita, Karoli, mkewe na Deta. Waliishi kambini. Hata kule, ambako hawakuwa na mbuzi, alimtuma mtoto akawaombe samahani mbuzi wa watu. Kisha vita vikaifikia kambi, watu wakatawanyika wakikanyagana. Karoli alisukumwa upande wa mpaka, mkewe na mtoto wakapotelea upande wa msitu. Deta alikuwa na miaka saba. Baadaye mtu aliyetoka huko alileta habari kwamba mke amekufa njiani. Juu ya mtoto hakujua. Karoli alirudi Bweyeye peke yake, akamtafuta mtoto kwa kila msafara uliorudi, akiita jina lake mpaka koo likakauka. Yeye mwenyewe aliamini kuwa kuita kule ndiko kulikomletea uvimbe. Sivyo, alikuwa mvutaji mkubwa wa kiko, lakini nani angemwambia?

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilimkuta Karoli mlangoni pa wodi, miguu imejaa tope la njia nzima ya Bweyeye. Verediyana alikuwa naye. Dada huyo alikuwa ameitwa na bwana wa ofisi ya watoto, ofisi iliyokuwa ikiwatafutia wazazi watoto waliopotea. Alionyeshwa picha. Kule Bukavu, katika nyumba ya kulelea watoto, kulikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili, jina Odeta, baba Karoli, kwao "karibu na msitu mkubwa".

"Ni yeye," Verediyana alisema. "Ana uso wa mama yetu."

Lakini kulikuwa na mgogoro. Kabla yao alikwisha kutokea mwanamume aliyejiita mjomba, akitaka kumchukua mtoto akamfanyie kazi nyumbani. Deta akajificha darini siku nzima. Tangu hapo alikuwa anasema neno moja: hatoki mpaka amsikie baba yake kwa masikio yake. Uso ameusahau, sauti hajasahau. Na kanuni ya ofisi ilikuwa kwamba mtoto mkubwa hasukumwi. Baada ya Pasaka nyumba ile ilikuwa inafungwa, na watoto waliobaki wangegawiwa kwa familia za mbali, huko ndani Kongo ambako vita vilikuwa havijaisha. Akienda huko, nani angempata tena?

Karoli alinishika mkono akaniongoza mpaka kwenye baraza la nyuma. Akakaa kwenye kiti kile kile. Akafumbua kinywa, akaninyooshea kidole: haya, fundisha.

Tulikuwa na wiki saba. Verediyana alimtandikia mkeka sokoni, nyuma ya magunia yake, na kila asubuhi Karoli alikuwa kwangu kabla sijafunga aproni. Pa, ta, ka. Siku nne hakuna kitu, tumbo tu linanguruma. Siku ya tano likatoka "pa" moja, kavu, nzito. Karoli aliziba mdomo kwa aibu na kutazama pande zote. Mimi nilipiga kelele nikamkumbatia, Masera akaja mbio akidhani mtu ameanguka.

Deta alikuwa amesahau Kinyarwanda, ndivyo alivyowaambia watu wa ofisi. Alijua Kiswahili tu. Basi Karoli akawa anajifunza sauti mpya na lugha mpya kwa mkupuo mmoja. Nilitaka aseme "Mimi ni papa yako," lakini ile m ya mwanzo ilimshinda kabisa. Tukaikata. Ikabaki: "Deta. Papa. Twende." Maneno matatu, pumzi tatu. Alikuwa akiyasema akilima bustani ya hospitali, akiyasema akifua, mpaka wagonjwa wa wodi nzima wakawa wanamwitikia kwa mzaha, "Haya, Papa, twende!"

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ni la mwalimu. Niliipenda kazi yangu kupita kiasi. Niliona ile mbweu ni mbaya masikioni, nikamfundisha kuificha: hewa kidogo, sauti ya chini, adabu. Yeye alifurahi, aibu yake ikapungua. Na bwana wa ofisi ya watoto aliponiuliza kama amwambie msichana habari za upasuaji, nilimkatalia. "Atamuogopa bure," nilisema. "Wacha amusikie kwanza, hatajua tofauti." Kweli nilisema hivyo! Nikisikia leo muuguzi anasema vile nitamchapa na ndala.

Mkutano uliwekwa kwenye daraja la Rusizi, pale forodhani, wiki moja kabla ya Pasaka. Tulishuka kutoka Kamembe kwa camionnette, gari dogo la mizigo, Karoli amevaa koti la kuazima la Daktari Mkurugenzi, mikono ikimfikia nusu. Njia ilikuwa mashimo matupu. Nilikuwa nimebeba kikapu chenye mikate na chupa ya Fanta ya mtoto, ikirukaruka mapajani mwangu.

Wakaja kutoka ng'ambo: mama mlezi mmoja na msichana mwembamba wa gauni la bluu. Alisimama hatua kumi kutoka kwetu, akamshika mlezi kiganja. Wanajeshi wa pande zote mbili wakaacha walichokuwa wanafanya. Wanawake waliobeba vikapu vya samaki nao wakasimama.

"Deta," mlezi alisema, "huyu njo anasema eko papa yako."

"Aseme yeye."

Karoli akafumbua kinywa. Kimya. Nikaona ulimi unasukuma, nikaona shingo inakakamaa, nikajua. Woga unakaza umio, unafunga kama kamba iliyovutwa. Mtu aliyesema neno mara elfu nyuma ya wodi hawezi kulisema pale anapolihitaji. Bi Mtaalamu aliniambia, nami nilisahau. Akajaribu tena. Jasho likamtoka. Midomo ikaumba "Deta" bila mlio wowote.

Msichana aliniangalia mimi, akamwangalia Verediyana aliyekuwa anapiga magoti na kulia. "Huyu hapana," alisema. "Papa yangu alikuwa na sauti mukubwa. Huyu hasemi hata kintu." Akageuka. Wakaanza kurudi.

Karoli alilia bila mlio. Lilikuwa jambo la kumuua mtu kulitazama. Nami nilijua ni mimi niliyeficha, ni mimi niliyepunguza, na mtoto alikuwa anaondoka kwa ajili ya kiburi changu. Sikufikiri. Nilichomoa ile Fanta, nikaing'oa kizibo kwa meno, ikafoka mpaka kwenye mikono ya koti la Daktari. "Kunywa! Yote! Acha adabu!" Nilimfokea kwa Kiswahili, sawasawa kama siku ya kwanza. Akanywa akaimaliza.

Ikatoka mbweu, Mungu wangu! Ilitoka tumboni, ndefu, nene, ikapasua daraja zima. Mwanajeshi mmoja akaangusha kofia. Na juu yake, kabla haijaisha, Karoli akatupa neno: "DETA!"

Watu wakaangua kicheko. Karoli akaziba mdomo kwa mikono miwili, mtu mzima mbele ya dunia nzima, akatazama chini.

Yule msichana alikuwa amesimama. Mgongo wake ulikuwa kwetu. Kisha akasema, taratibu, kwa lugha aliyowaambia watu wote kwamba ameisahau:

"*Genda usabe ihene imbabazi.*"

Bwana wa ofisi akauliza, "Anasema nini?" Verediyana alikuwa amekaa chini barabarani akipiga mapaja. Deta aligeuka, akazitembea zile hatua kumi, na aliposimama mbele ya baba yake alinyoosha kidole kwenye kitambaa cha shingoni akauliza kwa Kiswahili, "Sauti yako baliipeleka wapi?" Karoli akavuta hewa. Woga ulikuwa umemtoka. "Papa," alisema. "Twende."

Daktari Mkurugenzi alipoona koti lake limeganda kwa Fanta aliniuliza nilitumia mbinu gani. Nikamwambia, "Ile niliyokatazwa, Dokteri." Akatikisa kichwa, akaendelea na embe lake.

Baadaye nilihamishiwa Bugarama, kwenye kituo cha afya cha tambarare, ambako vumbi la saruji lilitufanya tubadilishe vitambaa vya shingo mara tatu kwa siku. Mkuu wangu pale, Titulaire wa kituo, alikuwa mtu wa taratibu kuliko saa. Nilimfundisha huko mzee mmoja wa msikitini aliyekuwa muadhini. Hakurudi kwenye kipaza sauti, ila aliweza kumwita mkewe kutoka shamba la mpunga, naye aliniambia hilo linamtosha. Kisha nikapelekwa Nzahaha, nikakaa huko mpaka nywele zikageuka. Kila familia mpya niliianzia na jambo moja: niliwaeleza wote, hata watoto, sauti itakayokuja itakuwaje. Sikuficha tena. Na mgonjwa akipiga mbweu ya kwanza, nilitaka nyumba nzima ipige makofi.

Siku niliyostaafu walinifanyia karamu ndogo uani Nzahaha. Karoli alikuja na Deta, sasa mama wa watoto wawili, mmoja mgongoni. Wakamwomba aseme neno. Alisimama, mzee tayari, akasema sentensi sita, pumzi kwa pumzi, kwa Kiswahili chake cha milimani, na katikati ikamponyoka moja ya kweli kweli. Deta alielekeza kidole tu kwenye kona ya ua, mbuzi wa karamu ya kesho alipokuwa amefungwa. Karoli akainamisha kichwa kwa heshima, akaondoka mezani, akaenda.

Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi niliweka sahani chini, nikanyanyuka, nikamfuata. Tulisimama wawili mbele ya yule mbuzi. Alinitazama kwa mshangao, maana sikuwa nimepiga mbweu yoyote.

"Papa Karoli," nikamwambia, kwa Kinyarwanda safari hii, na maneno yalikuja yote, "siku ile ya kwanza nilikugombeza kwa kutoniitikia. Leo naomba samahani."

Akavuta hewa, akaniitikia.

"Yambo, Sesiliya."